Jumapili Niliyong'oa Milango

Siku moja ninayoikumbuka kuliko hata ile niliyoshuka kwenye ndege, mwanangu, ni Jumapili moja ya Louisville. Wenzangu wote walikuwa kanisani, na mimi nilikuwa ndani ya nyumba ya kupanga, bisibisi mkononi, nang'oa milango. Sikuwa mwizi. Ningekuwa mwizi habari hii ingekuwa fupi, na wala nisingekuita ukae. Nilikuwa baba wa watoto watatu, mwanakwaya wa sauti ya tatu, na niliamini kabisa kwamba nafanya kile ambacho mtu mwenye akili hufanya anapohama.

Nakueleza haya kwa sababu mama yako ameniambia unahama hapa Buffalo mwisho wa mwezi. Ameniambia pia kwamba hujamwambia mtu mwingine yeyote. Najua utanijibu "okey, uncle" hata kabla sijamaliza, ndivyo mnavyotujibu siku hizi, lakini leo kaa kidogo. Chai ipo.

Labda utacheka nikiita mambo haya ya ujana, maana nilifika Amerika nikikaribia miaka arobaini. Lakini mtu aliyekulia kambini akifika hapa huanza upya. Nilifundishwa kuvuka barabara. Nilifundishwa kuwasha jiko la umeme, na aliyenifundisha ni mtoto wangu wa darasa la pili. Kwa hiyo miaka ile miwili ya mwanzo naihesabu kuwa ujana wangu, pamoja na upumbavu wake.

Ulikuwa mwaka ule Burundi ilipowaka moto tena na watu wapya wakaanza kumiminika katika makambi ya Tanzania, huku sisi wa zamani tukiwa ndiyo kwanza tunajifunza baridi ya Kentucky. Nilipata kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Kazi ilikuwa kuosha, kulisha, kugeuza waliolala, kubadilisha mashuka, na kukata kucha. Kwetu kazi hiyo angeifanya mtoto au mkwe. Kule niliifanya mimi, kwa watu nisiowajua, na sikuiona mbaya.

Kati ya wazee wale alikuwepo mmoja aliyeitwa Bwana Klaidi, mwenye miaka themanini na kitu, mzito wa kugeuza, aliyekuwa amewachosha wafanyakazi wote kwa habari za treni. Siku ya kwanza nilipoingia chumbani kwake nilimsalimu kwa Kiingereza changu cha kambini, nikamuuliza zamani alikuwa nani. Akajibu neno moja: "Hobo." Mimi nikasikia hobe. Unajua kwa Kirundi kumhobera mtu ni kumkumbatia kwa salamu, na watoto wadogo tunawaita hobe, hobe, huku tumefungua mikono. Nikasema moyoni, kumbe mzee wa watu anataka kukumbatiwa. Nikainama, nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote, shavu hili, kisha lile. Alikauka kama ubao. Halafu nikahisi mkono wake unanipigapiga mgongoni, polepole. Muuguzi aliyekuwa mlangoni alicheka mpaka akaweka trei chini.

Baadaye nikaelezwa. Hobo alikuwa mtu wa zamani wa nchi hii aliyezunguka akitafuta vibarua, akidandia treni za mizigo bila tiketi, leo anavuna ngano, kesho anachuma matofaa, keshokutwa anachimba mtaro. Bwana Klaidi aliyaanza maisha hayo akiwa na miaka kumi na sita, muda mfupi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na wenzake walimpa jina la njiani, Mkate Mkavu, kwa sababu hakukosa kipande cha mkate mfukoni. Alinionya kwa kidole nisimchanganye na wazururaji. "Mzururaji anatembea tu," alisema. "Hobo anakwenda kazi iliko." Nikaona huyu namwelewa kuliko Waamerika wengi niliowahi kukutana nao. Tangu siku ile yeye aliniita Hobe, na nikapangiwa chumba chake kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka.

Basi nikawa namwosha na yeye ananifundisha kazi ambayo sitaifanya kamwe. Alisema usipande treni inayokimbia kuliko unavyoweza kuziona nati za gurudumu moja moja. Ukizihesabu, panda, zikiwa duara moja linalong'aa, iache iende. Shika ngazi ya mbele ya behewa, siyo ya nyuma. Ukiteleza kwenye ile ya mbele unarushwa pembeni na kuchubuka, lakini ukiteleza kwenye ya nyuma unaangukia katikati ya mabehewa mawili, na hapo hakuna cha kuosha. Ukiingia ndani ya behewa, kabla hujakaa, pigilia msumari wa reli kwenye njia ya mlango ili usijifunge, maana wapo waliofungiwa humo na kugunduliwa baada ya wiki. Usilale nyuma ya shehena ya magogo, kwa sababu treni ikifunga breki magogo nayo yanasogea. Weka magazeti ndani ya shati wakati wa baridi. Viatu viweke chini ya kichwa, kamba umeifunga mkononi. Na osha uso mtoni kabla ya kuingia mjini, kwa sababu mwenye uso safi huulizwa anataka kazi gani, na mwenye uso mchafu huulizwa anatafuta nini.

Nilimwuliza walikuwa wanakula nini. Hapo ndipo alipokuwa akichangamka. Karibu na kila makutano ya reli palikuwa na kijisitu ambapo watu hao walipiga kambi, mbali kidogo na macho ya askari wa reli, ambao waliwaita mafahali. Pale palikuwa na sufuria. Haikuwa ya mtu. Kila aliyefika alitia alichonacho, huyu kitunguu, yule karoti mbili, mwingine mfupa aliopewa na mwenye bucha, na wote wakala. Sheria ilikuwa moja. Wa mwisho kuondoka anaisugua kwa mchanga, anaifunika chini juu isiingie mvua, na anaacha kuni kavu pembeni. "Kwa ajili ya nani?" nilimwuliza. "Kwa ajili ya anayekuja," alisema. "Humjui, na hutamwona. Unamwachia." Nami nilikuwa nakata kucha za miguu yake, ambazo zilikuwa nane tu kwa sababu vidole viwili vya mguu wa kushoto havikuwepo, na nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama wewe unavyoitikia sasa. Niliona ni hadithi nzuri ya watu wa zamani.

Sasa nikupeleke kwenye nyumba yenyewe. Tulikuwa tumepangishwa na Bi Doroti, mjane wa Kiamerika aliyekuwa na nyumba nne ndogo katika uwanja mmoja. Wengine walitaka barua kutoka kwa mwenye nyumba wa zamani, na sisi mwenye nyumba wetu wa zamani alikuwa turubai. Bi Doroti hakutaka barua. Alimwangalia mke wangu na watoto, akatoa ufunguo. Baada yetu akapokea familia nyingine mbili za kwetu, na ofisi iliyokuwa inawapokea wakimbizi ikawa inampigia yeye kwanza kila wanapotarajia watu.

Baada ya mwaka na kidogo, rafiki yangu Papa Safari, Mkongomani wa Uvira aliyekuwa Columbus, akaanza kunipigia simu kila Jumamosi. "Kaka, huku kazi iko mingi," alikuwa akisema. "Maghala iko kila kona, hapa Northland maduka ya Afrika imejaa, tuko na sombe, ile majani ya muhogo, tuko na samaki ya mukavu. Donc, unangoja nini huko? Kuya tu!" Wiki ya tatu nikakubali.

Mwanangu, wewe ulizaliwa mwishoni mwishoni, hukuona tulivyokuwa tunahama kule kambini. Jina lako likitoka kwenye orodha ya kuja Amerika, hukumwambia mtu tarehe. Mwenye wivu angeweza kukuchongea ofisini, na safari ikafa. Watu walikuwa wanaamka asubuhi wanakuta jirani hayupo. Na nyumba uliyoiacha ilibomolewa siku hiyohiyo, hakuna aliyeruhusiwa kuingia. Ndiyo maana kila anayeondoka alichukua chake. Mlango ulikuwa wako, uliuchonga au uliununua, na ukiuacha utavunjwa pamoja na ukuta. Unaung'oa unampa shemeji. Unang'oa dirisha. Hata misumari tulikuwa tunainyoosha.

Kwa hiyo Jumapili ile nilihama kama nilivyojua kuhama. Nilichagua saa ya ibada ili wenzetu wa uwanja ule wasituone. Papa Safari alikuja na gari lake la mizigo. Nilitoa balbu zote, nikakunja mapazia ya dirishani, nikachomoa fimbo ya pazia la bafuni, kisha nikasimama mbele ya kabati la ukutani lenye milango miwili mirefu ya mbao safi, nikaona nikiiacha itaharibika bure. Nikaing'oa. Mke wangu alikuwa ameshika mtoto, ananitazama. "Baba Kevini," akaniuliza, "tunamuaga nani?" Nikamwambia tutapiga simu tukifika. Jikoni tuliacha mafuta ukutani na mifuko ya takataka, maana niliona nyumba imekwisha kazi yake. Ufunguo niliuacha juu ya jiko. Kazini pia sikusema kitu. Jumatatu yake Bwana Klaidi aliogeshwa na mtu mwingine.

Columbus ilitupokea vizuri. Nilipata kazi katika ghala moja upande wa Gahanna, karibu na uwanja wa ndege, na asubuhi nilipanda basi la Morse Road nikiwa na chakula changu kwenye ndoo ndogo, nimeridhika kabisa. Ile milango niliilaza juu ya matofali, nikatia godoro, ikawa kitanda cha watoto. Wageni walikisifu.

Ilikuwa mwezi wa pili tangu tuhame nilipopigiwa simu na Goreti, dada mmoja wa kwaya yetu ya Louisville. Hakunisalimu. "Baba Kevini, umetufanyia nini?" akasema. "Bi Doroti amekataa watu wetu. Kuna mama mjane ameletwa, mama Yustina, ana watoto watano na mama yake mzee. Ilikuwa waingie mle kwenu. Bi Doroti amesema hapana, hataki tena. Sasa wamewekwa moteli, huko nje ya mji, chumba kimoja, watu saba. Basi halifiki. Jiko hakuna."

Nikamwambia simjui huyo mama. "Ndiyo," Goreti akasema, "na yeye hakujui," akakata simu.

Nilikasirika, nakwambia kweli. Nilimlalamikia mke wangu kwamba milango siyo dhahabu, kwamba Bi Doroti ana nyumba nne, kwamba ofisi ndiyo kazi yake kutafutia watu nyumba. Mke wangu alikuwa anatandika kitanda cha watoto. Aliendelea kutandika, na mimi nikatoka nje kutembea.

Sikurudi Louisville kwa sababu ya mama Yustina. Ningependa kukuambia hivyo lakini ningekuwa nadanganya. Nilirudi kwa sababu ya grini kadi, kile kibali cha kukaa nchini. Ilikuwa imetumwa kwa posta, kwenye anwani ya Bi Doroti, kwa kuwa sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba nimehama. Nikapanda basi la masafa marefu, na nilipofika miguu ikakataa kwenda kwa Bi Doroti. Ikanipeleka kwenye ile nyumba ya wazee.

Bwana Klaidi alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu kando ya dirisha. "Hobe," akasema, "uliruka treni ikiwa inakwenda." Nikamwomba radhi, kisha nikamsimulia yote, kwa kuwa nilitaka mtu mzima mmoja aniambie siyo kosa kubwa. Akauliza milango iko wapi. Nikamwambia iko Columbus, watoto wanaililia. Nilikosea neno, nilitaka kusema wanailalia. Kwa Kiingereza changu kulala kuligeuka kulia, na alicheka mpaka akakohoa, nikamshikia kikombe cha maji. Nikadhani nimesamehewa.

Alipotulia akasema, "Vua soksi yangu. Ya kushoto." Nikaivua. "Umekata kucha za mguu huu mwaka mzima na hukuwahi kuniuliza vidole viwili viko wapi."

Ni kweli sikuwahi kumuuliza. Niliona ni adabu. Akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba akiwa na miaka kumi na minane alishuka kwenye treni kaskazini mwa Ohio katika baridi ya kukata, akaenda kwenye shamba moja ambalo njia nzima ilikuwa inalisifu. Mwenye shamba alikuwa anawalaza watu kwenye zizi lake, juu ya nyasi, na asubuhi anawapa kazi. Bwana Klaidi akabisha hodi. Mwenye shamba akatoka na mbwa. Kumbe mtu aliyelala pale kabla yake alikuwa ameondoka na hatamu za farasi. Bwana Klaidi akalala nje, nyuma ya ukuta, na vidole viwili havikuamka.

"Yule aliyechukua hatamu sikuwahi kumwona," alisema. "Sijui jina lake. Nimemlaani karibu miaka sabini, na sijachoka." Akanitazama. "Sasa huyo mama aliyeko moteli, unafikiri anafanya nini?"

Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kutaka kuvaa soksi ile na kujificha ndani yake. Nikamvisha soksi, nikaenda kwa Bi Doroti.

Alinifungulia, akaniangalia, akaenda kwenye droo ya jikoni, akarudi na bahasha. Alikuwa ameitunza wiki zote hizo. "Nilikupa nyumba wakati ambapo sikukujua," akasema. "Kama ulitaka milango, ungeniomba." Nilitafuta Kiingereza chote nilichokuwa nacho nikapata neno moja tu, nitaileta. Akafunga mlango taratibu.

Jumamosi iliyofuata tuliifunga juu ya gari la Papa Safari. Alinuna njia nzima. "Kaka, uko na akili kweli? Milango mbili, masaa tatu na nusu ya route! Bon, panda, tuende." Mmoja ulikuwa na michoro ya kalamu ya watoto, nikausugua na kuupaka rangi. Bawaba zilikataa, nikazirekebisha mara nne. Nikarudisha balbu, mapazia na fimbo, nikasugua mafuta ya ukutani mpaka ukutani pakaonekana rangi ambayo hata sisi hatukuwahi kuiona. Papa Safari mwenyewe, mwisho, akachukua kitambaa akafuta madirisha. Bi Doroti alikaa kwenye ngazi na kahawa yake, anatazama. Jioni ilipokaribia akapita chumba kwa chumba, akafungua kabati, akalifunga, akalifungua tena.

Nikamwambia sikuja kujiombea. Kuna mama mmoja, yuko moteli na watoto watano na mama yake. Akalifunga kabati. Halafu akasema, "Mlete nimwone."

Nilifurahi mno. Nikampigia Goreti palepale uwanjani, sauti juu, nikamwambia mama Yustina afungashe. Goreti akasema, "Wameondoka Alhamisi. Shemeji yao aliyeko Buffalo amewachukua, mama Yustina na watoto watano." Nikahesabu kichwani, sita. Walikuwa saba. Nikauliza bibi je.

"Bibi tulimzika mwezi uliopita," akasema. Kisha, kwa kuwa Goreti si mtu mbaya, akaongeza, "Alikuwa anaumwa tangu kambini, baba Kevini. Usijitwishe yote."

Sijajitwisha yote. Daktari yeyote angekuambia mzee yule asingefika mbali. Ila alikuja Amerika akakaa miezi yake yote katika chumba kimoja, hajawasha jiko, hajakaa mlangoni kwake akaangalia wapitao, na nyumba iliyokuwa imetengwa kwa ajili yake ilikuwa tupu, imefungwa, kwa sababu yangu. Hilo ni langu. Nilimwambia Bi Doroti, akashika kifua, akaingia ndani. Baadaye alipokea familia nyingine ya kwetu, na hadi leo nasikia anapokea.

Mwishoni mwa mwaka huo, ule Waamerika walipogombana kwa ajili ya uchaguzi mpaka kazini watu hawasalimiani, nilihamia huku Buffalo kwa sababu ya nyumba za bei rahisi za mtaa wa Black Rock. Sikukaa wiki mbili kanisani kabla ya kusikia jina la mama Yustina likitajwa katika maombi. Nilimwona. Mama mrefu, anaimba bila kitabu. Miezi mitatu nilikaa benchi la nyuma na kutoka kabla ya baraka, kama mtu mwenye haraka. Mke wangu alinivumilia, kisha Jumamosi moja akanivalisha koti mwenyewe, akaniambia nenda.

Nilimkuta nyuma ya nyumba yake anachambua maharage kwenye ungo. Alinipa kiti. Nikamwambia, bila kuzunguka, kwamba mimi ndiye niliyekuwa katika ile nyumba ya Louisville. Ni mimi niliyeng'oa.

Mikono yake haikusimama. Alitoa jiwe moja, akalitupa, akatoa lingine. "Tulisikia mtu kang'oa hata milango," akasema. "Nikamwambia mama, huyo ni wa kwetu, maana Mwamerika hawezi kung'oa mlango. Na mimi wangu nilimwachia mdogo wangu kule kambini, na bawaba nilizifunga kwenye kanga nikaja nazo, ziko humo ndani mpaka leo." Akatabasamu kidogo. "Mama hakukukasirikia, baba Kevini. Nilikuwa nakutukana na yeye ananikataza. Alilala pale kitandani anasema, mwache huyo. Hakuambiwa. Angeambiwa kuna watu nyuma, asingefanya."

Kisha akanikaribisha nisubiri chakula.

Mwanangu, laana ya Bwana Klaidi ningeibeba. Niliistahili na ningejua uzito wake. Huruma ya yule bibi ndiyo iliyonishinda, kwa sababu haikuwa na ukweli. Nilikuwa nimeambiwa. Niliambiwa habari ya sufuria kwa kinywa cha mtu mzima, nimeshika mguu wake mkononi, nikaitikia ndiyo, ndiyo. Nilikaa pale nikala maharage ya mama Yustina, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba mama yake alinitetea kwa jambo lisilo kweli. Nilimwambia mwaka wa pili. Tukaendelea kuwa ndugu, lakini tangu hapo akimtaja mama yake huwa haniangalii.

Kwa hiyo nimekuita ili na wewe usije ukapata mtu wa kukutetea kwamba hukuambiwa. Unahama, ni haki yako. Mwandikie mwenye nyumba barua leo, siyo siku ya mwisho. Mwambie msimamizi wako kazini mapema apate mtu, na ikiwezekana mpelekee mtu wa kwetu anayeaminika. Ukitaka kitu cha ndani ya nyumba, omba, ukinyimwa, kiache. Safisha kwa mikono yako, hata kama mtu aliyekuudhi ndiye atakayeingia. Simama kanisani useme unakwenda wapi, uombewe, na acha anwani. Kambi imekwisha, hakuna wa kukuchongea hapa. Ukitoka mahali popote katika nchi hii, jua kwamba yupo mtu ambaye wakati huohuo anapanda ndege na mabegi yake, hajui hata jina la mji, na mlango atakaoukuta wazi au umefungwa umeushika wewe.

Nenda basi. Mungu akutangulie barabarani, akupe kazi isiyokuvunja mgongo na majirani wanaojibu salamu. Na siku wengine watakapofika huko ulikopita wakasema, "Sisi ni watu wa fulani," wakitaja jina lako, afunguliwe mkubwa, afunguliwe mtoto, na bibi wa mtu aingie akae.